Mwenye Nyumba Anajua Mtoto Mmoja Tu

Mpendwa mshauri Bonareri, nakuandikia juu ya shida niliyojitengenezea mwenyewe, kwa hivyo ukitaka kunigombeza nigombeze, lakini nakuomba unisaidie kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Naitwa Caren, nina miaka ishirini na saba, nashona sare za shule hapa Isebania na mume wangu Bonface anaziba magurudumu ya malori yanayongoja kuvuka mpaka kwenda Sirare, Tanzania, na kusema kweli sina malalamiko juu ya ndoa, Bonface hanywi, kazi ipo, na nyumba tunayokaa ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupanga, vyumba viwili, tangi la maji ya mvua, choo kinaoshwa kwa zamu na hakuna anayeruka zamu yake, na mwenye nyumba, Mama Susana, mjane Mkuria kutoka Ntimaru anayekaa nasi ploti moja na kupepeta maharagwe uani kila jioni, ni mtu ambaye ukiugua anakuletea uji bila kuombwa. Napenda sana kukaa pale, na hapo ndipo shida ilipo, kwa sababu tuliingia kwa uongo.

Februari iliyopita tulipoenda kuomba nyumba, Mama Susana alitupokea getini akatusomea sheria zake, na ya kwanza ilikuwa kwamba nyumba moja mtoto mmoja, maana mpangaji aliyetoka alikuwa na wanne, wakafungulia tangi wakati wa kiangazi maji yote yakaisha, na choo wakakiziba kwa madaftari. Akauliza, "Na nyinyi mko na wangapi?" Bonface akaniwahi kusema, "Moja tu, mama." Mama Susana akanigeukia mimi. "Na anaitwa nani?" Nikasema Odongo, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nimembeba mgongoni amelala. Akarudia, "Odongo," akatabasamu kidogo, akasema, "Haya, leteni vitu."

Mshauri, Odongo ni pacha, na sasa wana miaka mitatu. Ndugu yake anaitwa Opiyo, na siku hiyo alikuwa kwa mama mkwe wangu kule Ndhiwa akiuguza kikohozi, nasi tukajiambia atakaa huko wiki mbili halafu tutamweleza mwenye nyumba polepole. Jina nililotaja halikunitia wasiwasi, nilijiambia huyu ni Mkuria, majina ya Wajaluo atayajulia wapi. Wiki mbili zikawa mwezi, nikamtamani mtoto wangu hadi nikashona suruali miguu yote miwili upande mmoja, ndipo Bonface akasema hawa wanafanana hata babu yao huwachanganya, kwa nini tusiwabadilishe. Basi tangu hapo kila mwisho wa mwezi mama mkwe anakuja Migori na mmoja, mimi naenda na mwingine, tunakutana kwenye duka la vitambaa la rafiki yangu Rispa, watoto wanacheza pamoja chini ya meza ya kukatia kwa saa moja hivi, halafu yule aliyekuwa Ndhiwa anakuja nami na yule aliyekuwa nami anaenda Ndhiwa, na anayekuja Isebania, awe nani, anaitwa Odongo.

Mambo yalienda vizuri. Mama Susana anampenda huyo mtoto. Mwezi wa tano alimkuta anakula ugali akaniambia, "Huyu kijana yako mwezi huu anatumia kushoto," kwa sababu Opiyo ni wa mkono wa kushoto, nikajibu anajifunza, naye akacheka mpaka akashika mlango. Mwezi wa saba baridi ilipozidi alileta sweta mbili za kufanana akasema moja ni ya akiba. Akichemsha mahindi anatuma mawili. Nafikiri ni ukarimu tu, kwa maana alikuwa na kibanda cha nafaka soko la Migori miaka mingi na mkono wake haujazoea kupunja, hata wauza omena anaongea nao Kijaluo wanamwongezea.

Kilichonivunja ni cha mwezi uliopita. Tulikuwa pale kwa Rispa, zamu ya Opiyo kuja, nikawa namfunga viatu, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, mwezi huu naitwa nani?" Mama mkwe alisikia akaniambia, "Caren, sitakuja hapa tena na mtoto mmoja. Nitakuja na wote wawili, na wewe utajua pa kuwapeleka." Akarudi Ndhiwa na wote wawili, nami nikamwambia Mama Susana kwamba mtoto yuko kwa nyanya yake, na sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Januari lazima wote waanze chekechea, na nataka waanze pamoja. Bonface anasema tumwambie mwenye nyumba kwamba Opiyo ni mtoto wa dada yake amekuja kusoma. Mimi nawaza tuhame kimya kimya, lakini nikifikiria kuiacha nyumba ile nasikia uchungu, na nikifikiria kusimama mbele ya Mama Susana nasikia uchungu zaidi. Nifanye nini? Na je, mpangaji analazimika kumwambia mwenye nyumba kuhusu watoto wake wadogo, au hayo ni mambo ya ndani ya nyumba yake?

Caren, Isebania

*

Caren mdogo wangu, Mama Susana anajua.

Kaa chini kwanza, unywe maji, kisha uendelee kusoma. Amejua tangu siku ile ya getini. Mimi ni Mkisii, sijawahi kuishi katika boma la Mjaluo hata wiki moja, lakini nimekaa Migori miaka kumi na minane na najua, kama anavyojua kila mchuuzi wa soko hili, kwamba pacha anayetangulia kuzaliwa ni Opiyo na anayemfuata ni Odongo. Ulipomtajia Odongo, ulimwambia palepale kwamba kuna mwenzake aliyemtangulia. Wewe ukajifariji kwamba ni Mkuria. Mkuria aliyewapimia Wajaluo mahindi miaka yote hiyo, anayeongea Kijaluo hadi anaongezewa omena, ndiye asijue Odongo ni mtoto wa aina gani? Dada, ulimdharau bila kukusudia, na hilo nalo utaliombea radhi.

Utaniambia wapo wanaorithi tu jina la babu. Ni kweli, na pengine siku ya kwanza alikupa nafasi hiyo. Lakini hakuna mtoto anayekula kwa mkono wa kushoto mwezi wa tano, wa kulia mwezi wa sita, na wa kushoto tena mwezi wa saba. Na nani ananunua sweta ya akiba kwa mtoto wa mpangaji? Mama wa watu amekufungulia mlango mara tatu ili useme, na mara zote tatu umemshukuru ukaufunga. Nimecheka, sitakuficha, halafu nikakukasirikia.

Sasa usianze kusherehekea. Kwamba anajua haimaanishi kwamba amekubali. Amewangoja kwa upole karibu miezi kumi, na mtu mpole akichoka huchoka kweli. Nyumba ni yake na maji ni yake. Sheria yake unaweza kuiona ngumu, na mimi pia naiona ngumu, maana watoto walioziba choo si wako. Wenye nyumba wengi wanaosoma safu hii wamesahau kwamba wao wenyewe walilelewa mahali fulani na mtu fulani. Lakini aliwauliza swali wazi, nanyi mkamjibu uongo.

Umeuliza kama mpangaji analazimika. Ukiulizwa, sema ukweli. Usipoulizwa, sema vilevile, kabla hujashusha godoro: ni wangapi na wana umri gani. Ukifukuzwa getini utakuwa umepoteza asubuhi moja tu. Mtoto si kitu cha kuingiza kwa mafungu. Analia, anakimbia, anaimba chooni, na siku moja atatoka nje aseme jina lake. Utaishi ukimnyamazisha kila siku, na nyumba ya namna hiyo haikai vizuri hata kama tangi limejaa.

Hiyo hadithi ya mpwa mwambie Bonface aimeze. Watoto wawili wa sura moja, meno ya mbele ya namna moja, mmoja eti wa dada? Huo ni uongo wa pili wa kushikilia ule wa kwanza, na anayeubeba ni mtoto yuleyule. Kuhama kimya kimya pia sitaki kusikia. Mtu aliyekuletea uji hakimbiwi.

Hivi ndivyo mtakavyofanya, na jibu hili nimekutumia kwa simu tangu Jumatatu kwa sababu gazeti linafika Isebania na Mama Susana ana macho. Jumamosi nenda Ndhiwa mwenyewe, si Migori, ukawachukue wote wawili. Mshukuru mama mkwe mbele yao, ana akili kuwashinda ninyi wawili. Jumapili Mama Susana akishatoka kanisani na kupumzika, nendeni wote wanne mlangoni kwake. Usibebe sukari wala kitenge, isije ikaonekana mnanunua jibu. Atakayesema ni Bonface, maana ndiye aliyesema mmoja. Aseme hivi tu: "Mama, tulikudanganya. Watoto ni wawili. Tunaomba msamaha." Halafu anyamaze. Asiseme lakini. Wala wewe usimkumbushe sweta, wala usimwambie kwamba alijua, hilo ni lake kulisema akitaka. Kisha muulize anatakaje kuhusu maji na choo, na mtakalokubaliana mlitimize kuanzia siku hiyo.

Akikataa, na ana haki ya kukataa, mwombeni muda mpaka mwisho wa Desemba, mhame mchana mkiagana naye, na geti linalofuata mseme wawili kabla ya salamu kuisha. Utaumia, lakini utapata nyumba nyingine. Mafundi wa kushona kama wewe hawakosi pa kuweka cherehani. Mimi sidhani atakataa, ila sikuandikii ili nikuahidi moyo wa mtu mwingine.

Lakini barua yako nzima umeniuliza kuhusu mwenye nyumba, na mimi tangu niisome namfikiria Opiyo. Mtoto wa miaka mitatu alikuuliza mwezi huu anaitwa nani, na hukuniandikia ulimjibu nini. Naogopa hukumjibu. Umemzoesha kuacha jina lake Migori kila zamu yake ya kuja inapofika, naye hakulia, aliona ndivyo watu wanavyoishi. Hilo ndilo deni kubwa, Caren, na Mama Susana anaweza kungoja hadi Jumapili, huyu asingoje.

Ukifika Ndhiwa, kabla ya chai, chuchumaa mbele yake umwambie kwamba yeye ni Opiyo, kwa nyanya ni Opiyo, Isebania ni Opiyo, shuleni ni Opiyo, na kwamba mama alikosea. Mwombe msamaha kama unavyomwomba mtu mzima. Kisha Jumamosi jioni mkifika kwenye ploti, watoto watatangulia kukimbilia mlangoni. Usiwashike. Muite kwa jina lake, kwa sauti yako ya kila siku, hapo hapo uani ambapo Mama Susana anapepeta maharagwe. Akiinua kichwa, mwamkie, uendelee kumuita mtoto wako.