Nati, Mwambie Mdogo Wako Kuhusu Ajuza

Mwaka umetimia, mwanangu, tangu tukutoe majini pale bwawani. Wengine hukumbuka watu wao waliochukuliwa na maradhi au na barabara. Wewe uligongwa na boti yako mwenyewe, iliyosukumwa na injini uliyoiunda kwa mikono yako. Mpaka leo watu wananiuliza, mama, mtu anagongwaje na boti anayoiendesha yeye? Anagongwa. Nitalieleza hapa gazetini, mbele yako, na wazazi wenye watoto wanaopenda mambo haya walisikie.

Jina lako la karakana lilikuwa Nati, hata mimi nililizoea. Walikuita hivyo kwa sababu ulipofungua kitu uliweka nati mdomoni zisipotee, shavu moja limevimba kama mtu mwenye jino bovu. Nikikuita, unaitika kwa pua. Nikakwambia, "Siku moja utazimeza." Ukazitema kiganjani, ukazitazama, ukasema, "Zimetimia, mama. Ikipungua moja ndiyo uanze kulia."

Ulikuwa mtoto wa wote. Cherehani za mtaa mzima zilipita mkononi mwako. Kiti cha magurudumu cha jirani wa nyumba ya kona ulikitengeneza mara nyingi mpaka mwenyewe akawa anasema kimebaki chake kwa jina tu. Ulikula umesimama. Ulijifuta grisi kwenye pazia langu la mlango wa nyuma, na ukilaumiwa unajibu kwamba pazia lenyewe lilikuwa na rangi ya kuchosha. Sijalifua.

Halafu akaja Ajuza.

Kwa wasiojua, Ajuza si mtu. Ni injini ya zamani ya mashindano, ile ya kufungwa nyuma ya boti, ambayo kaka yangu, mjomba wako, alishindana nayo ujanani. Ilikuwa imelala stoo kwake chini ya magunia, panya wamezalia ndani ya kifuniko. Ukaileta nyumbani kwa mkokoteni, umeifunika shuka, kwenye mashimo unapita polepole kama aliyebeba mgonjwa. Mdogo wako akauliza, "Kaka, huyu ajuza umemtoa wapi?" Jina likashika.

Hukutaka kumfufua tu. Kumfufua ungemaliza mapema. Ulitaka kumuunda upya kwa ajili ya vijana wa sasa. "Wana injini za kununua," ulisema, "zikiharibika wanazitazama kama ng'ombe anavyotazama treni. Hii nataka waielewe, waweze kuitengeneza wenyewe, na iwapite hao wa kununua." Ukakereza pistoni mpya. Ukang'oa platini za zamani za kutoa cheche, ukaweka umeme wa kisasa. Lile gurudumu zito la juu, ambalo mjomba wako alizungushia kamba ya kuwashia, ukalipunguza uzito. Umbo hukuligusa, bomba zake mbili zimechomoza kama masikio. "Sura ya bibi, mapafu ya mjukuu," ukawa unajisifu, na mdogo wako anadakia, "Na kelele za wote wawili."

Huyo mdogo wako, kitinda mimba wangu, kazi yake kushona viti vya magari, lakini akitoka kazini hakupitia kwangu, alipitia kwako. Binti mzima, kucha nyeusi kwa oili. Alikushikia taa mpaka akawa anajua Ajuza anaumwa wapi kwa kumsikiliza tu.

Kuna kitu kimoja ulikitoa, na hicho ndicho ninachotaka watu wakijue. Ajuza wa zamani alikuwa na mkono wa mafuta wa kubana. Ukibana, anakimbia. Ukiachia, analegea mwenyewe. Mjomba wako alikuja siku moja akaukuta juu ya meza, umeshaung'oa.

"Huu unaurudisha lini?"

"Haurudi, mjomba. Mizunguko michache tu mkono unakufa ganzi. Nimeweka wa kusukuma, ukiuweka mahali unakaa hapohapo."

"Ganzi ya mkono hupona."

"Wewe, mjomba, ulishindana na watu walioendesha huku wanavuta sigara. Siku hizi watu wana haraka."

Tulicheka wote, na mjomba wako alicheka kutushinda, maana ilikuwa kweli.

Badala ya ule mkono uliweka kamba ya usalama. Upande mmoja umechomekwa kwenye injini, upande mwingine una pete ya kuvaa mkononi. Mwendeshaji akianguka, kamba inachomoka, injini inazima. Ni kitu kizuri. Sikilaumu.

Lakini karakanani injini haijaribiwi bwawani. Inafungwa kwenye pipa la maji, na fundi anaizunguka, anasikiliza huku, anakaza kule. Akiivaa ile pete, kila akigeuka anaizima. Basi mafundi wa injini hizi wana mazoea yao: pete wanaitundika kwenye shingo ya injini yenyewe. Kwenye pipa haina neno, pipa haliendi popote. Ulimtundikia Ajuza ile pete kila siku, kama mtu anavyotundika kofia akiingia ndani, mpaka mkono wako ukawa unafanya bila kukuuliza. Siku mlipompeleka bwawani kumjaribu, pete ilikuwa palepale shingoni. Ulikaa, ukawasha, ukaenda.

Mdogo wako alikuwa ukingoni. Alinisimulia mara moja tu na hajarudia. Alisema Ajuza alikwenda kama alivyoota kaka, na mafundi wazima walikuwa wanarukaruka. Kwenye kona boti ikainama, ukatupwa nje. Ulikuwa mzima. Uliinua mkono kuwaonyesha uko salama, na wao wakakupigia makofi. Boti haikuzima, maana kamba haikuchomoka. Injini isiyoshikwa hujipinda upande mmoja, na boti ikakata duara, ikarudi ulipokuwa unaelea, kwa mwendo uleule uliouweka wewe. Mtu anagongwa hivyo na boti yake.

Msibani walisema ni mipango ya Mungu. Sibishani na Mungu. Ila pete ile ilitundikwa na mkono wa mtu.

Sasa sikia yaliyofuata, mwanangu. Ajuza alipotolewa majini nilimwita mnunua vyuma chakavu aje amchukue bure. Alikuja na mkokoteni wake. Mdogo wako akaketi juu ya Ajuza, akakaa hapo mpaka yule mtu akaondoka. Baadaye akamfungua, akamkausha, akamsafisha kipande kwa kipande, na sasa ananguruma tena. Wenzako wa karakana wameandaa mashindano ya kukuenzi, Jumapili hii bwawani. Ajuza ataingia majini, na atakayemwendesha ni mdogo wako. Wamechapisha fulana zenye sura yako. Na mimi wameniletea yangu, inanitosha kabisa.

Nilimfuata mwenzako mchomeleaji, maana yeye ndiye mkubwa wao. Nikamwambia, "Marehemu haenziwi kwa kuongezewa mwenzake." Akatazama viatu vyake. "Mama, safari hii tutakuwa na boti ya uokoaji." Nikamuuliza kama hiyo boti ya uokoaji itafika kabla Ajuza hajamaliza duara. Akasema ngoja aangalie moto wa kuchomelea, na moto wenyewe ulikuwa umezimwa.

Nikaenda kwa mdogo wako. Nilikuwa nimeufunga ule mkono wa kubana kwenye khanga, mjomba wako alikuwa ameuhifadhi.

"Mrudishie huu."

"Nikimrudishia, mama, anakuwa injini ya mjomba. Huyu ni wa kaka."

"Kaka yako amekufa naye."

"Ndiyo maana sigusi kitu."

Unaona nilipofika. Kila mtu anakupenda, na kwa sababu ya mapenzi hayo hakuna anayekubali kusahihisha ulipokosea. Ungekuwa hai ungeshasahihisha mwenyewe. Hukuwa na haya ya kufungua leo kitu ulichokifunga jana. Ungetema nati zako ukasema, "Hapa nilifanya ujinga," ukaanza upya. Lakini mtu akishakufa, kazi yake haifunguliwi tena. Inafutwa vumbi tu.

Juzi niliwapelekea chakula karakanani. Ajuza alikuwa kwenye pipa, maji yanachemka, masufuria yangu mkononi yanatetemeka. Nikaangalia shingoni, nikaiona pete. Nikamwonyesha mdogo wako kwa kidole, maana sauti haisikiki. Akanisogelea sikioni, akanipigapiga mgongo kama mimi ndiye mtoto: "Mama, hapa ni kwenye pipa."

Kaburini kwako nimesema mpaka nimechoka, ndiyo maana nimekuja gazetini. Mdogo wako mimi hanisikii. Mjomba wake anamwona mzee wa zamani zake. Wewe peke yako ungemwambia urudishe huo mkono, na angeurudisha hata kabla hujamaliza sentensi. Mwambie, baba. Najua unachoweza na usichoweza, lakini sina mwingine wa kumtuma.

Wazazi wenzangu, kuwakataza msihangaike, hawakatazwi. Mimi nilikataza. Waambieni pete ivaliwe hata kwenye pipa, injini izime mara mia kwa siku, wakasirike, wachelewe. Wazoee kero hiyo. Na mtakaokuwa bwawani Jumapili, kabla boti haijaachiwa, mtazameni binti yangu mkononi. Nawaomba hivyo, lakini nawajua watu. Ajuza akishanguruma, macho yote yatakuwa kwake.

Unakumbukwa na mimi mama yako. Unakumbukwa na baba yako, ambaye siku hizi kila asubuhi anafagia mbele ya karakana kabla wenzako hawajafika. Unakumbukwa na mjomba wako, na mafundi wenzako, na majirani wa mtaa mzima. Na mdogo wako. Nimemwandika wa mwisho, hapa kwenye upande wa wanaokumbuka, na gazeti hili likitoka Ijumaa, siku mbili kabla ya mashindano, bado litakuwa linasema kweli.

Tutakaobaki tutaendelea kukukumbuka.