Viatu vya Wageni Mlangoni

Nzuguni, 1 Machi 2026

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Swaumu inakwendaje, na goti lako? Sisi wazima, joto tu ndilo linatutesa. Nakuandikia kwa sababu simu unaiweka sauti kubwa, sebule nzima inasikia, na hili najua hutaki lisikike. Barua analeta Hilda, jirani yangu anayefuata mbuzi mnadani Chemba.

Tarehe 28, wiki moja baada ya Idi, kuna matembezi hapa mjini ya watu waliozaliwa na sindromu ya Down, kama Munira wetu, na ndugu zao, na yeyote anayewapenda. Nimepewa kazi ya kushona bendera. Mdogo wangu Munira ana miaka kumi na tisa na hajawahi kupita barabarani mchana na watu zaidi ya wawili. Mruhusu, mama. Nitamfuata mwenyewe.

Mwanao,
Mwanahawa

Chemba, 8 Machi 2026

Mwanangu Mwanahawa,

Marahaba. Goti linauma likitaka. Funga tutaimaliza salama, inshallah.

Jibu ni hapana. Idi hii wanakuja watu wa mchumba wa kaka yako Nurdini kutoka Kondoa, kuona nyumba atakamoishi binti yao. Habari za Munira hawajaambiwa. Nimlete huko apigwe picha, kesho picha ziwe kwenye simu zao? Posa ya kwanza ya Nurdini unajua iliharibikaje walipomwona Munira. Munira hapa yuko vizuri. Anakula, anafua, anapanga viatu mlangoni, kila mtu na jozi yake. Usimtie hamu.

Mama yako

Nzuguni, 11 Machi 2026

Mama,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama. Mimi sijalala vizuri tangu nisome barua yako.

Unakumbuka siku ya posa yangu? Munira alifungiwa stoo. Nilimsikia akigonga, nikazidisha kucheka ili wageni wasimsikie. Miaka minane sasa, na bado nausikia ule mlango.

Hilda anamletea soksi, moja nyekundu na moja ya kijani. Sijakosea. Siku hiyo wote tunavaa zisizofanana, watu wajue kuwa kutofanana si kasoro. Nyekundu na kijani nyingine ninazo mimi. Mpe hata kama haji. Na tafadhali, usimfungie.

Mwanao,
Mwanahawa

Nzuguni, 23 Machi 2026

Mama,

Shikamoo, na Idi njema ingawa imepita. Simu yako inaita tu, ya Nurdini imezimwa. Hilda anasema alikuta mlango umefungwa mchana kweupe. Munira yuko wapi? Niandikie neno moja, hata la kunigombeza. Bendera nimeishona na kuifumua mara mbili.

Mwanahawa

Chemba, 26 Machi 2026

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Mlango niliufunga mimi, sikutaka kuongea na mtu.

Sikumfungia Munira. Nilimwambia tu akae chumbani. Wageni kumi na mmoja walikula pilau, Nurdini anatabasamu, mimi macho kwenye pazia. Walipoinuka tukamkuta mlangoni. Viatu vyote alikuwa amevipanga, na kila aliyetoka alimwekea vyake miguuni. Hakukosea hata mmoja, kumbe aliwatazama dirishani wakiingia. Shangazi wa binti akafurahi, akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Nikamjibu, "Msichana wangu wa kazi."

Munira alinisikia. Akainama, akatoa ndara zangu nyuma ya mlango, akaniwekea miguuni. Akasema, "Za mama hizi."

Wageni wakaenda zao. Nimeona aibu, mwanangu, na safari hii si kwa sababu ya Munira. Nimemtuma Nurdini Kondoa akawaambie ukweli. Hajarudi, na sijui wamesemaje. Wakisusa, wasuse.

Barua hii nampa kondakta wa basi la mchana. Kesho asubuhi tunapanda basi, mimi na Munira. Goti litajua lenyewe. Njoo stendi na zile soksi ulizobaki nazo. Munira amekataa kabisa zisizofanana, anasema fundi umekosea, na mimi simlazimishi. Yeye atavaa nyekundu mbili, mimi za kijani.

Na kwenye matembezi tusikae nyuma. Nataka mtu aniulize tena huyu ni nani, na Munira awe karibu asikie.

Mama yenu, wewe na Munira