Mnazi Wangu wa Baleni

Dada Zuhura, shikamoo!

Nimepanda mnazi, mimi! Hapa Baleni mkwe hanywi dafu la shamba kabla hajapanda mnazi wake, basi leo mama mkwe akanikabidhi nazi iliyochipua. Nikamwambia huu utazaa baada ya miaka sita, na daktari kasema saratani ya ini inaweza kurudi hata baada ya upasuaji, ndiyo maana napimwa kila miezi mitatu. Akanijibu, "Ikirudi itakukuta shambani. Chimba!" Nikachimba, kovu linanivuta, nacheka peke yangu. Vipimo vya juzi vilikuwa safi, dada! Na wewe unayeogopa boti ya kuja huku kisiwani, una miaka sita ya kuizoea. Dafu la kwanza nakuangulia wewe.

Mdogo wako akupendaye,
Salma