Jina la Rehema Lililokuwa Likikatika

Dada Kadzo,

Mwanao Rehema hajambo. Amerefuka, vile viatu ulivyomnunulia vimeshambana. Tangu tulipokuzika anakaa nami hapa Mikindani, na kila jioni nikitoka kazini tunafungua video zako za masomo ya lugha ya ishara.

Ulizirekodi kwa simu ukiwa mgonjwa, ili mimi niweze kuzungumza na mtoto asiyesikia utakapoondoka. "Usiangalie mdomo wangu, Mapenzi," ulisema. "Angalia mikono." Niliangalia, dada, lakini mikono yenyewe ilikuwa ikiruka! Simu yako iliingia maji, zikabaki video nilizokuwa nimehamishia kwenye hii kompyuta yangu kuukuu. Sauti yako inaendelea vizuri, picha imeganda. Mkono uko shavuni. Picha ikirudi, uko kifuani. Katikati kumepita nini? Nikawa najifunza vipande. Siku moja nilidhani namwambia Rehema akaoge, akaniletea mwiko.

Kilichonisumbua zaidi ni somo la majina. Ulikuwa ukieleza jina la ishara ulilompa Rehema, nikakusikia ukisema, "Kama mvua ya siku aliyozaliwa." Mvua iko wapi? Mimi naona shavu na kifua tu.

Nikampelekea kompyuta fundi wa hapa steji ya matatu. Akasema, "Mama, mashine ni nzima. Inalemewa tu." Inalemewa na nini? Sikutulia. Nikafunga programu zote nyingine, kuganda kukapungua. Nikaweka programu nyepesi ya kuchezea video, ikawa afadhali kidogo. Kisha nikagundua kwamba simu yako ilizihifadhi picha kwa mtindo mpya, na kompyuta ya zamani kama hii haikuundwa kuufungua upesi. Basi nikaanza kutengeneza nakala kwa mtindo wa zamani, picha zikiwa ndogo kidogo. Jumapili nikaiacha ikifanya kazi, tukaenda kanisani, tukarudi, tukapika, tukala. Bado iko somo la pili!

Lakini ilipofika somo la majina, nikaona. Vidole vinafunguka shavuni, vinashuka vikichezacheza mpaka kifuani. Mvua, dada. Ilikuwepo siku zote.

Nikaenda jikoni. Rehema alikuwa akichambua mchicha. Nikamgusa bega, nikamwita jina lake zima.

Aliweka mchicha chini. Akanitazama. Akanishika mkono, akaninyoosha kidole kimoja kilichokuwa kimejikunja, akaashiria: tena. Nikamwita tena. Na tena, mimi nalia, yeye anacheka.

Nisamehe kwa miezi ile yote niliyomwita nusu.

Nakuaga, dada yangu. Masomo yaliyobaki nitayageuza yote, na nikikwama nitamuuliza mwenyewe, maana ni mwalimu mkali kukushinda. Nakuahidi hatakaa mezani kwangu akikosa mtu wa kuzungumza naye. Pumzika.

Mdogo wako,
Mapenzi