Kibuyu Kisikauke

Boito, Jumapili

Ndugu yangu Kimeli,

U mzima? Barua hii nampa Phanice, binti ya jirani yetu Mageto, anayerudi kazini huko Doha uliko, maana simu yako imezimwa tangu Krismasi. Huku mvua imekubali, chai inachumwa vizuri, na yule ng'ombe mweusi amezaa.

Kesho makumbusho yetu madogo ya wapigania uhuru yanafunguliwa, na mimi ndiye mtunzaji. Kwenye kabati la kioo tumeweka koti la babu na kile kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Unakumbuka Wazungu walipomfunga babu, nyanya yetu Kogo alikuwa akitia humo maziwa mapya kila yalipoharibika, ili mumewe asirudi akute kibuyu kikavu. Naye akarudi.

Leo nimefungua mlango nikakutana na harufu ya maziwa. Nimeinua kibuyu, kizito! Kumbe jana Mama alipokuja kunisaidia kupiga deki alibeba maziwa, akayatia humo.

Nikampigia simu nikamwambia, "Mama, kesho kuna wageni wakubwa. Hiki kinatakiwa kikavu."

Akasema, "Wageni wana kwao. Mimi namngoja Kimeli."

Nilikipeleka nje nikimwage. Mkono ulikataa, Kimeli. Nimekirudisha kabatini na maziwa yake, na mkubwa wangu akiuliza kuhusu harufu, sijui nitasema nini.

Tafadhali niambie kama tuendelee kutia maziwa. Hata mstari mmoja unatosha, lakini uuandike kwa mkono wako mwenyewe.

Dada yako anayekungoja,
Chelimo