Muhula Madam Syombua Alipojifunza Kompyuta

Jumanne, 4 Juni 1996

Taipureta vipindi viwili. Kitambaa cheusi juu ya vidole kama kawaida, tusiangalie herufi. Madam Syombua anatupa mgongo, anagonga rula mezani, nasi tunapiga kwa mdundo wake. Hahitaji kutuona. Anasikia. Leo alisema bila kugeuka, "Nekesa, kidole chako kidogo kimelala." Kweli changu kilikuwa kimelala.

Barua yangu ilikuwa na kosa moja, mstari wa mwisho. Akaichana. Sheria yake tunaijua tangu Kidato cha Pili: barua yenye kosa haiingii kwenye faili. Sikulia. Nilianza upya. Nataka kazi ya ofisi, na ofisi haitanihurumia.

Kompyuta zimefika. Tano. Benki fulani ilinunua mpya ikatupatia za zamani. Zimewekwa katika ile stoo ya madawati.

Alhamisi, 6 Juni

Tumeingia chumba cha kompyuta. Viatu mlangoni, soksi tu. Yangu ina tundu, nikakunja vidole. Kila mashine imevishwa kitambaa cha kufuma, kazi ya akina mama wa kamati ya wazazi, kama makochi ya sebuleni. Rafiki yangu Mutindi alisema kilichobaki ni chai na mandazi.

Jana Mwalimu Otieno, kijana wa chuo kimoja cha kompyuta mjini, alikuja kuziunganisha na kumwonyesha Madam. Mchana mmoja tu. Atakuwa akija kila Jumatano. Siku nyingine zote ni Madam peke yake.

Leo alibonyeza, kioo kikawa samawati, halafu hakujua la kufanya. Akatazama karatasi yake. Sijawahi kumwona Madam akiwa hajui. Niliogopa.

Tukaanza kuchapa. Vitufe vya kompyuta havina kelele. Madam alitupa mgongo, akagonga rula, akasikiliza. Hakukuwa na cha kusikia. Akageuka na kuanza kupita nyuma yetu mmoja mmoja, akiinama, miwani mkononi.

Jumatatu, 10 Juni

Siku mbaya. Mwalimu Mkuu aliingia bila kubisha, akasema mbele yetu sote. Ijumaa atakuja na watu wawili wa bodi. Wasichana watano watachapa barua ya kiofisi kwenye kompyuta na kuitoa kwenye printa. Ikishindikana, muhula ujao darasa litakuwa la Mwalimu Otieno na Madam atapelekwa maktaba.

"Usinielewe vibaya, Madam. Wazazi wanauliza."

"Ndiyo, bwana," Madam akasema. Mkono wake ulikuwa juu ya rula. Haukusogea.

Mimi ni mmoja wa watano. Mutindi pia. Tukirudi nyumbani, mtaa wa Tena, Mutindi akasema, "Si Otieno ni mpoa tu! Wacha akuje." Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha kuandika jina lake macho yakiwa yamefumbwa. Akasema nimeanza kuongea kama mamake. Hatukusemezana tena hadi kwao.

Jumatano, 12 Juni

Otieno alikuja. Tai ya manjano. Wasichana wa mbele walishusha pumzi kwa sauti, aibu tupu. Alituonyesha kitufe cha juu kinachohifadhi kazi kwenye diski. Kila mmoja ana diski yake, nyeusi, ina jina lake.

Madam akatueleza kwa lugha yetu ya taipureta. Diski ndiyo faili. Kwa hiyo utamaliza barua, utaisoma, utasahihisha, ndipo utaihifadhi. Kitu chenye kosa kisiingie.

Otieno alifungua mdomo. Akaufunga. Madam ana umri wa mama yake.

Ijumaa, 14 Juni

Stima ilipotea.

Tulikuwa karibu kumaliza. Mimi nilikuwa nimeshafika "Wako mwaminifu". Kioo kikafa, cha Mutindi kikafa, vyote. Tukabaki tunajitazama humo ndani, nyuso nyeusi kwenye vioo vyeusi.

Iliporudi, hakukuwa na kitu. Hakuna hata neno. Mama mmoja wa bodi, anayeuza nguo Kariobangi, aliuliza kwa upole, "Sasa hizo barua zimeenda wapi?" Alitaka kujua kweli.

Mwalimu Mkuu alimgeukia Mutindi. Kwa nini hamkuhifadhi? Mutindi akatazama soksi zake. Ningeambiwa nichague siku ya yeye kuwa na ulimi mzito, ningechagua leo, asimtaje Madam, na ndivyo ilivyokuwa.

"Mimi ndiye niliyewakataza," Madam akasema.

"Basi, Madam. Tumeona."

Jumamosi, 15 Juni

Nimefua sare. Nimepika ugali, ukaungua. Baba amerudi kutoka shifti ya kiwandani, ameula wote hivyo hivyo.

Nachukia stima. Nachukia Mwalimu Mkuu. Nimemchukia na Madam kidogo. Ile sheria ilikuwa nzuri. Ndiyo iliyonifanya niwe hodari. Sielewi kitu kizuri kinawezaje kumwangusha mtu namna hii.

Jumatano, 19 Juni

Naandika polepole nisisahau.

Madam alimngoja Otieno akae. Kisha akamuuliza mbele yetu, "Mwalimu, wiki jana ulitaka kusema nini ukanyamaza?"

Otieno akashika tai. "Nilitaka kusema wahifadhi kila mara, Madam. Hata kazi ikiwa na makosa."

"Mbona hukusema?"

"Sasa Madam, ningeanzia wapi?"

Darasa likacheka. Madam naye akacheka, kidogo, kwa pua. Halafu akatugeukia, akasema, "Nilikosea. Niliwafundisha kompyuta kana kwamba ni taipureta. Mwalimu atanifundisha upya, nanyi mtakuwepo mkiona."

Hakuna aliyecheka hapo. Mwalimu kusema hivyo mbele ya wanafunzi! Baadaye Mutindi alisema nywele zilimsimama.

Amemwomba Mwalimu Mkuu siku nyingine. Amekubali kwa shingo upande, kwa kuwa Otieno hawezi kuanza kazi kabla ya Septemba. Tarehe tano Julai. Ni nafasi ya mwisho.

Madam akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi, Otieno akasimama. Nilitazama mkono wa Madam kwenye vitufe. Unajua kila herufi. Ni vile vitufe vya juu ndivyo vinavyomtisha.

Jumatano, 26 Juni

Mpango mpya. Kila aya, rula inagonga mara moja. Ikigonga, unahifadhi, hata kama sentensi imekatika katikati.

Siwezi. Mkono wangu unakataa. Leo niliandika "mkurugezni" na rula ikagonga. Nikaanza kurekebisha. Madam akaja nyuma yangu.

"Nekesa, hifadhi."

"Kuna kosa, Madam."

"Nimeliona. Hifadhi. Litakungoja."

Nilibonyeza. Nilijihisi mchafu, kama mtu aliyeenda kanisani bila kuoga. Dakika chache baadaye nikarudi, nikalirekebisha. Hakuna aliyekufa.

Nadhani Madam anajifunza jambo hili kwa shida kuliko sisi. Nilimsikia akijiambia mwenyewe, "Hifadhi, hifadhi," akiwa peke yake mezani.

Mutindi tumepatana. Alinipa nusu ya andazi, hakusema kwa nini.

Alhamisi, 4 Julai

Kesho. Baridi kali, vidole vimekuwa kama vya mbao. Mama amenishonea soksi. Nimeomba. Sikuombea stima isipotee, nilisahau. Nimemwombea Madam tu.

Ijumaa, 5 Julai

Walikuja baada ya chai ya saa nne. Mwalimu Mkuu, yule mama wa Kariobangi na mzee mmoja wa bodi mwenye kofia. Otieno pia, ingawa si Jumatano. Alisimama karibu na mlango, ametoa viatu, ana soksi mbili zisizofanana. Mutindi aliniona nikiona. Tukauma midomo.

Tukachapa. Rula, hifadhi. Rula, hifadhi. Tulikuwa katikati ya aya ya pili. Stima ilikuwa imara, hakuna hata taa iliyopepesa.

Madam akatembea hadi ukutani, akazima swichi kubwa.

Vioo vyote vikafa. Mwalimu Mkuu akaruka. "Madam! Unafanya nini?"

Madam alihesabu kimoyomoyo, niliona midomo yake. Kisha akawasha. Mashine zikaanza kunguruma na kujikusanya, polepole mno. Kioo cha samawati. Diski ikakwaruza.

Barua yangu ikatokea. Aya ya kwanza nzima, na nusu sentensi ya aya ya pili, na ndani yake "tafadahli" nililokuwa sijalirekebisha. Sijawahi kufurahia kosa langu hivyo.

"Malizeni," Madam akasema.

Tukamaliza. Printa ikapiga yowe lake mara tano. Mama wa Kariobangi aliipokea barua ya Mutindi kwa mikono miwili, akaisoma yote, hata anwani. Akasema, "Hizi hazikuenda popote."

Mwalimu Mkuu alitazama swichi, akamtazama Madam. Akasema tu kwamba siku nyingine aonywe kwanza, moyo wake si mchanga.

Jumatatu, 8 Julai

Ratiba ya muhula wa tatu imebandikwa. Kompyuta: Bi. Syombua. Nimeisoma, nikaenda darasani, nikarudi kuisoma tena. Otieno yupo Jumatano, kama msaidizi.

Jioni nilirudisha ufunguo wa stoo ya chaki. Madam alikuwa bado kwenye kompyuta, peke yake, koti begani, bila rula. Anamwandikia dada yake aliye Kitui. Aliniita nikae. Barua haikuwa ya kiofisi. Ilikuwa ya mvua, ya goti linalomsumbua, na ya sisi. Ilikuwa na makosa kadhaa. Nilinyamaza.

Akafika katikati ya sentensi, akasimama. Akawaza. Nje watoto wa shule ya msingi walikuwa wakipigana kwa maganda ya machungwa.

Akabonyeza kitufe cha juu. Akatoa diski, akaifuta kwa kona ya leso, akaiweka mkobani.

"Haijaisha," akasema. "Twende nyumbani."