Aliyeketi Haguswi

Umetimia mwaka, Baba, tangu ile Jumapili asubuhi ulipoingia chumba cha nyuma kuketi, ukarudisha mlango, na usitoke tena kwa miguu yako.

Wateja bado wanakuulizia. Washonaji walikubandika jina la Fundi Taratibu, kwa kuwa hukufungua cherehani hata kimoja kabla ya kukitegea sikio na kuzungusha gurudumu lake mara tatu nne, kama daktari aliyepata mgonjwa mwenye haya. Juzi alikuja mmoja na mashine yake kwenye mkokoteni. Alilalamika kwamba amezunguka kwa mafundi watatu, na wote huifungua kwanza ndipo wanauliza inaumwa nini. Tulicheka naye. Kisha tukampa habari, maana hakuwa nayo, akakaa kwenye ngazi.

Nyumbani ulizifua soksi zako mwenyewe, ukazipoteza mwenyewe, halafu ukatusingizia sisi. Jumamosi ulimsuka mdogo wetu Kitinda nywele, mistari ikaenda upogo, naye akaenda nayo shule akijivuna. Mama ulimwita Bosi, na kweli ulimtii.

Miaka ishirini na miwili ulikuwa mtu wa Kikao, wale wenzako kumi na wawili wanaokutana katika ukumbi ulio juu ya duka la vitabu, wakae kimya na kutafakari. Wanasema hukukosa ila siku tulizozaliwa sisi. Nafasi yako hawajaiziba. Mwenyekiti wao alimweleza Mama, kwa aibu kidogo, kwamba wanaoketi kulia na kushoto kwa nafasi hiyo hulaumiana kwa kupumua kwa nguvu, na wote wawili wanaapa si wao.

Kutoka huko ulituletea sheria moja tu: aliyeketi haguswi mpaka arudi mwenyewe. Tumekua nayo. Tulijua kunyata mbele ya chumba cha nyuma kabla ya kujua kusoma. Kitinda alipokuuliza kwa nini, ulimtania: “Ukinishtua nikiwa mbali nitapotea njia, ubaki na baba nusu.” Sote tuliangua kicheko. Yeye alikuwa na miaka minane, na utani wa mtu mzima kwa mtoto wa miaka minane si utani.

Jumapili ile uliingia saa kumi na mbili. Siku hiyo ya wiki Bosi alikuruhusu kuketi mpaka mchana, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Saa nne na nusu Mama alifungua mlango kidogo. Ulikuwa umeegemea ukuta, kama ulivyozoea tangu mgongo uanze kukusumbua, mikono magotini. Aliweka kikombe cha chai sakafuni akakwambia kinapoa. Ukamjibu, “Nakuja.” Akarudisha mlango, akatuamuru tupunguze redio. Ilipofika saa saba ndipo alipovunja sheria na kukushika mkono.

Daktari alisema saa mbili asubuhi ulikuwa umeshafariki. Mama alimwambia amekosea hesabu. Daktari akarudia kukupima, akarudia jibu lile lile.

Karibu mwaka mzima Mama alibishana na saa hizo. Tulijaribu kumwonyesha kwamba zinamtoa lawamani, kwamba asingeweza kumwokoa mtu aliyekwisha kwenda. Hakutaka kusikia. Alituambia ni afadhali abebe lawama ya kukuacha peke yako ungali hai kuliko kunyang’anywa lile neno. Ulisema unakuja, basi. Kila asubuhi aliweka kikombe chako, na mlango wa chumba cha nyuma ukilia aligeuka. Tuseme kweli, Baba, nasi tuligeuka. Mlango ule hulia hata siku zisizo na upepo, na bawaba zake tumezipaka mafuta yako mwenyewe ya vyerehani.

Mwezi uliopita Kitinda aliacha kula. Siku tatu tulimbembeleza, akakonda machoni petu, mpaka Bibi, mama yako mzazi, alipomchukua pembeni na kumfanya atoe la moyoni. Jumapili ile, mnamo saa tatu, aliingia kwako na penseli akitaka umchongee. Alikuita, hukuitika. Akakutikisa bega. Ulikuwa baridi. Alitoka akinyata, akafunga kinywa chake karibu mwaka mzima, akiamini kwamba ni yeye aliyekupoteza njia.

Mama alimpakata, mkubwa alivyo. Alimweleza polepole kwamba baridi ile maana yake ulikuwa umekwisha kuondoka, kwamba mkono wake haukufanya kitu. Mtoto akamsikiliza mpaka mwisho.

“Lakini Mama,” akasema, “wewe alikujibu baadaye. Si alikuwa bado yupo?”

Sisi tulikuwa tumesimama mlangoni. Tuliuona uso wa Mama, na hatutaki kuuona tena hivyo.

“Hakunijibu, mwanangu. Nilijidanganya.”

Kitinda alikula mchana huo, akaongezwa. Mama hakugusa sahani yake. Baadaye aliosha kikombe chako, akakipanga kabatini pamoja na vya wageni.

Ametuomba tuyaandike haya hapa gazetini, mbele za watu, ili Kitinda akikua ayakute. Baba, ulifariki kabla ya saa mbili. Mikono ya mtoto wako haina hatia. Saa nne na nusu hakuna aliyemjibu Mama. Ameisoma karatasi hii mara mbili, na kila alipofika kwenye sentensi hiyo alisimamisha kidole, kisha akasema iachwe ilivyo.

Tunakupenda, na tumekukosa mpaka tumechoka.

Unakumbukwa na Bosi wako, mkeo. Na Bibi, aliyekuzaa na kukuzika. Na wanao watatu, Kitinda akiwa wa kwanza kutia sahihi. Na dada yako mshonaji, na wajukuu wawili ambao hukuwahi kuwabeba, na wenzako wote wa Kikao.

Hutatutoka moyoni siku zote tulizobakiza. Usijisumbue kuja, Baba. Sisi ndio tutakaokuja, kila mmoja kwa siku yake.